Keki iende barazani, mtoto abaki ndani

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ngamiani, Tanga. Naoka keki, visheti na vitafunio vya shughuli, na wateja wangu karibu wote nawapata kwenye stetasi ya WhatsApp na Instagram. Wawili wako Muscat, huagiza keki kwa ajili ya mama zao walio huku. Mwezi uliopita binamu yangu alinionesha akaunti ya Facebook yenye picha ya binti yangu wa miaka tisa, amevaa sare ya shule, imeandikwa kwamba mtoto ana ugonjwa wa moyo na watu wachangie matibabu. Namba ya kuchangia si yangu. Picha niliiweka mwenyewe siku shule zilipofungwa. Mume wangu kasema nijitoe kote, nifute kila kitu. Mimi naona kujitoa ni sawa na kufunga duka. Tena kuna mtu kaniambia hata nikifuta nahangaika bure, kampuni zimeshauza taarifa zangu zamani. Nani mkweli kati yetu? Nakuambatanishia ile picha, na moja ya kazi zangu.
Mama wa wawili, Tanga

JIBU: Dada yangu, pole sana. Kumwona mwanao mzima wa afya akiombewa michango ya moyo si jambo la kulala nalo. Nitajibu kwa kirefu, ila la kwanza ulishike kuanzia sasa: usijitoe, na mumeo usimwone mkorofi. Alichokiogopa kimeshatokea. Ninapotofautiana naye ni kwenye dawa.

Tuanze na panapoungua. Kabla hujairipoti ile akaunti, ipige skrinishoti kila upande: jina lake, kiungo chake, maandishi, namba ya kuchangia, tarehe. Wengi huripoti kwanza, ukurasa ukaondolewa, wakafika polisi mikono mitupu. Ukishahifadhi, iripoti ndani ya Facebook yenyewe kwa sababu ya mtu kujifanya mwingine, na ndugu nao waripoti. Ile namba ya tapeli itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Polisi nenda na nakala zilizochapishwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inalitambua kosa la kujifanya mtu mwingine mtandaoni, kwa hiyo usikubali kurudishwa kwa maneno kwamba hayo ni mambo ya Facebook. Ukiwa kwenye foleni, piga *106# uangalie kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako ambayo huijui.

Kuna jambo moja naomba usilifanye: usiirudishe ile picha kwenye stetasi yako ukiwa umeipiga msalaba mwekundu na neno UONGO. Karibu kila aliyepatwa na haya hufanya hivyo, na matokeo yake picha inasambaa mara ya pili, safari hii kwa mikono ya wanaompenda mtoto. Andika maneno matupu: mwanangu mzima, hatuchangishi, msitume pesa.

Sasa picha yenyewe. Nimeikuza kwenye skrini na kuikagua kama anavyoikagua mtu mwenye nia mbaya, na nakuambia nilichokiona. Nembo ya shule kwenye sweta inasomeka hadi wito wa shule chini yake. Mkononi ana ripoti, na juu ya ripoti kuna majina yake matatu na darasa lake. Nyuma ya bega la kushoto, ukutani, kuna mita ya Luku na karatasi iliyobandikwa yenye namba ya mita. Na chini uliandika: "Sasa mwezi mzima kwa bibi, Pangani." Kwa picha moja, mtu asiyekujua ameshapata jina kamili la mtoto, shule, darasa, na mahali atakapokuwa kwa wiki nne. Ile namba ya mita akiiingiza kwenye malipo ya simu kana kwamba ananunua umeme, jina la mteja linamtokea kabla hajathibitisha. Na namba yako ya simu, uliyoiweka juu ya ukurasa wako wa Instagram, akijifanya anakutumia shilingi elfu moja, inamletea jina lako kama ulivyosajili laini. Hapo hakuna aliyedukua chochote. Mlango ulikuwa wazi na taa inawaka.

Nikuulize, na ujijibu mwenyewe kwa haki: ile picha iliuza keki ngapi?

Najua haikuwekwa ili iuze. Iliwekwa kwa furaha, mtoto kashika nafasi nzuri, na pongezi zilimiminika. Sipendi wataalamu wenzangu wanaoidharau furaha hiyo, kana kwamba watu wazima hawana haki ya kujisifia watoto wao. Pongezi za shangazi aliye mbali ni faida ya kweli. Lakini ile furaha ilihitaji watu wangapi? Bibi wa Pangani, mashangazi, wajomba, majirani wawili watatu, mwalimu wa madrasa. Watu ishirini ukijumlisha. Stetasi yako inaonwa na kila uliyemsevu naye amekusevu: fundi wa friji, dereva wa bodaboda aliyewahi kukupelekea mzigo mara moja, mteja wa harusi ya mwaka 2021 ambaye hata sura yake umeisahau. Hao ndio walioongezeka bila kualikwa. Na yeyote kati yao akipiga skrinishoti, yale masaa 24 ya stetasi hayana maana tena.

Upande wa biashara mambo yako kinyume, na hapa ndipo dawa ya mumeo inapokosea. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza jambo ambalo kila mfanyabiashara wa kariakoo yoyote analijua bila kusoma: habari mpya, kazi mpya na mteja mpya huja zaidi kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali kuliko wale tunaolala nao nyumba moja. Wa nyumbani wanajua yale yale unayoyajua wewe. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walipowapima wanafunzi waliokuwa wakitumia Facebook, faida iliyojitokeza zaidi ilikuwa ya aina hiyo hiyo: mtandao uliwasaidia kushika mahusiano na watu wa mbali kidogo, wale ambao bila mtandao wangepotea. Wateja wako wa Muscat ni mfano ulio hai. Hukuwajua. Mtu alimwonesha mtu keki yako. Ukijifungia, unakata kamba ile ile inayokuletea riziki.

Kwa hiyo faida yako inataka watu wa mbali waone, na usalama wa mtoto unataka wa mbali wasione. Mkibishana nyumbani kama vile ni kitu kimoja, hamtamaliza. Ni vitu viwili, ila umevipitisha mlango mmoja.

Wazee wetu wa pwani walilijenga hili kwa mawe na chokaa. Ukiingia nyumba ya kale ya Lamu, nje kuna baraza, na hapo yeyote hukaa, akanywa kahawa, akauza na kununua. Ukipita daka, yaani ukumbi wa nje wa mlango, na mlango wenyewe, unakuta tekani, ukumbi mdogo wa ndani, na njia inapinda, hivyo aliyeko barabarani hata mlango ukiwa wazi haoni uani. Halafu kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, halafu misana, vile vyumba virefu vinavyoutazama ua, na mwisho ndani, ambako si kila mgeni hufika. Mwenye nyumba ile hakuwa mtu wa kujificha. Alikuwa mfanyabiashara mwenye wageni kila siku, kutoka hadi ng'ambo ya bahari. Alijua tu nani aishie wapi. Simu ilipokuja ikatupa baraza pana sana, na sisi tukahamishia kitanda huko.

Basi panga nyumba yako upya. Chukua laini ya pili, iwe ya kazi tu, uiwekee WhatsApp ya biashara. Simu moja inaziweka zote mbili, ya kawaida na ya biashara. Hiyo ndiyo namba ya Instagram, ya vibandiko vya maboksi, ya kila mgeni. Malipo yapokee kwa lipa namba yenye jina la biashara, mteja akilipa aone jina la keki zako, asione majina yako matatu. Huko weka keki kwa wingi unavyotaka, bei, siku unazooka, na mahali pa kuchukulia mzigo, ambapo si lazima pawe mlangoni kwako. Duka la jirani kwenye kona linatosha. Laini ya zamani ibaki ya watu wako, na kwenye mipangilio ya stetasi teua wale ishirini kwa majina, ndio waone. Kazi hii inachukua kama dakika kumi na inachosha kidole, lakini unaifanya mara moja. Hapo hapo zuia watu usiowajua wasikuingize kwenye magrupu, na picha yako ya profaili waione waliosevuliwa tu. Picha za zamani za watoto kwenye Instagram zipitie jioni moja ukiwa na chai. Huna haja ya kufuta zote. Ondoa zenye sare, nembo, ripoti, kadi za kliniki, na nyumba kwa nje.

Umesema mtu amekuambia unahangaika bure kwa sababu kampuni zimeshauza taarifa zako. Hapo pana ukweli uliochanganywa na uvivu. Meta, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, haikuuzi kama inavyouzwa sukari kwa kilo. Mwaka 2023 zaidi ya asilimia 97 ya mapato yake yalitokana na matangazo, na anachonunua mtangazaji ni nafasi ya kufikia watu wa aina fulani: kwa mfano wanawake wa Tanga, wenye umri kadhaa, wanaopenda mapishi. Orodha ya majina hapewi. Kampuni inajua mengi juu yako kwa sababu ndiyo mtaji wake, na kujua huko hakutegemei ulichoandika tu. Mwaka 2013 watafiti watatu walichapisha kazi iliyotumia watu zaidi ya 58,000 waliojitolea, wakaonesha kwamba kwa kuangalia tu vitu ambavyo mtu amevibonyezea kidole gumba cha kupenda, kompyuta inaweza kukisia dini yake, siasa yake na hata tabia zake, na mara nyingi ikapatia.

Na wakati mwingine taarifa zinavuja kwa njia mbaya zaidi. Mwaka 2018 dunia ilijua habari ya Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza iliyofanya kazi za kampeni za siasa, Kenya ikiwamo. Kitu ninachotaka ukione katika kisa kile ni hesabu yake: walioijaza programu ya maswali ya tabia, iliyotumika kukusanyia taarifa ndani ya Facebook, walikuwa kama 270,000, lakini taarifa zilizochukuliwa, kwa makadirio ya Facebook yenyewe, zilifikia watu hadi milioni 87. Waliobaki wote walikuwa marafiki wa waliojaza. Hawakubonyeza chochote. Mwaka uliofuata Facebook ilitozwa faini ya dola bilioni 5 na Tume ya Biashara ya Marekani.

Kwetu kisa hicho kina ndugu yake wa karibu, na huyo nahofia zaidi kuliko kampuni za Marekani. Ni zile programu za mikopo ya haraka. Mtu anataka elfu hamsini, anabonyeza kukubali, programu inanyonya orodha yote ya majina kwenye simu yake. Akichelewa kulipa, wewe ambaye hukukopa unapokea ujumbe kwamba fulani ni mwizi, mwambie alipe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kwa hiyo faragha yako iko pia kwenye simu ya shemeji yako, na hilo hakuna mpangilio wa simu yako utakaolitibu. Linataka mazungumzo ya familia, jioni, bila ukali.

Lakini kusema "basi yameshakwisha, ya nini kuhangaika" ni kama kuacha kufunga mlango kwa sababu karani wa serikali ya mtaa anajua unakaa wapi. Kampuni inayojua unapenda mapishi haijamwombea binti yako michango ya moyo. Aliyefanya hivyo ni mtu, mwenye simu ya kawaida, na huyo unaweza kumpunguzia nafasi leo.

Kuna tundu jingine ambalo hukuliuliza, nami nalitaja kwa sababu limenigusa. Miaka michache iliyopita shangazi yangu alipigiwa na mtu mwenye sauti ya adabu: shikamoo mama, nimekosea namba, kuna tarakimu sita zimekuja kwako, naomba unisomee. Akamsomea, kumbe ndizo za kufungulia WhatsApp yake kwenye simu nyingine. Ndani ya saa moja WhatsApp yake ilikuwa mikononi mwa huyo bwana, na magrupu yote ya ukoo yakapokea ombi: nimekwama hospitali, nitumieni chochote. Watu watano walituma. Mimi, ninayefundisha mambo haya, nilikuwa wa pili. Niliona jina lake na picha yake akiwa na ushungi wa kijani, sikufikiri tena. Kwa hiyo leo hii, kabla ya yote niliyoyaandika juu, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, na uweke namba ya siri yako mwenyewe. Isiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, maana hiyo ulishaiposti pamoja na keki. Tarakimu sita zinazokuja kwa ujumbe usimsomee mtu yeyote, hata akikuamkia vizuri namna gani.

Watu huniambia, WhatsApp imefungwa kwa siri, hata wenyewe hawasomi. Ni kweli, tangu Aprili 2016 maneno na picha zinasafiri zikiwa zimefungwa, anayezifungua ni unayemtumia. Ila kampuni inajua unawasiliana na nani na saa ngapi, hata kama haijui mmesema nini. Na huyo unayemtumia ana kidole cha skrinishoti. Ufungaji ule unamzuia mtu wa njiani. Mtu wa ndani ya grupu haumgusi.

Kuhusu watoto, sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Majirani zetu Kenya walianza mapema kwa sheria ya 2019, na Septemba 2023 ofisi ya kamishna wao iliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Siku hiyo hiyo baa moja ya Nairobi nayo ilitozwa kwa kumweka mteja wake mtandaoni bila kumuuliza. Nataja hili kwa sababu shule ya binti yako nayo, bila shaka, ina ukurasa, na siku ya mahafali hupiga kila mtu. Andika barua fupi kwa mwalimu mkuu kwamba picha za mwanao zisiwekwe bila kukuuliza. Utaonekana una maringo kwa wiki mbili, yatapita.

Mwisho turudi kwa mumeo. Usimpelekee hoja ya nani mkweli. Kaa naye, mpe simu yako, mwombe apitie ukurasa wako kama mtu baki na akuoneshe kinachomtia hofu. Nimewashauri wengi wafanye hivi, na mara nyingi mwanaume aliyesema futa kila kitu huishia kutaja picha saba au nane, za keki hazimo. Wakati mwingine hugundua ya kwake pia: kuna bwana mmoja alikuwa anamkataza mkewe kuposti huku yeye kila Ijumaa anaweka picha ya gari lake, namba za usajili wazi kabisa, geti la nyumba nyuma. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliochunguzwa mwaka 2006 nao walikuwa hivyo. Walisema faragha inawahangaisha, na bado wakajiunga na Facebook na kujieleza humo kwa kirefu, wengine bila kujua ukurasa wao unaonwa na wangapi. Wengine huuita unafiki, mimi siuoni hivyo. Pongezi zinafika leo saa hiyo hiyo. Hasara inafika baada ya miezi, mara nyingi kwa mlango wa mtu mwingine.

Na binti mwenyewe muulize. Miaka tisa ni mkubwa wa kutosha kusema hii naitaka na hii sitaki, na nakuhakikishia atakushangaza kwa atakazozikataa.

Ile picha ya sare uliyoniambatanishia nimeifuta kwenye simu yangu na kwenye barua pepe. Ya keki ya ngazi mbili yenye maua ya asumini nimebaki nayo. Shughuli yetu ni baada ya Idi. Nitumie bei ya kilo nne, kwa namba mpya ukishaifungua.